Betri Kutoka Nkunga

Kadi ile ilikuwa ndefu kuliko kiganja changu, na ilikuwa na feni yake yenyewe. Kabla yake sikuwa nimeona kadi ya kompyuta inayohitaji kupepewa. Ilifanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchora picha kwenye kioo. Ya pili ilikuwa kuvuta picha kutoka kwenye mkanda wa kamera na kuzihifadhi kwenye diski, na hapo ndipo ilipokuwa na ubinafsi wake: iliziandika kwa namna ambayo kadi nyingine haikuweza kuzisoma. Ukiing'oa kadi, diski ilibaki na harusi zote ndani yake, kama nyumba iliyofungwa na ufunguo ukaenda safari.

Wakati huo nilikuwa na chumba nyuma ya soko la Tukuyu. Umeme nilijifunza kwa redio mbovu na vitabu vilivyokosa majalada. Nilifungua, nikapima, nikakosea, nikapima tena. Ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja, vitu vilifika kwetu kabla ya maelezo yake. Zilianza redio kaseti, zikaja televisheni, kisha kamera za video, na mwisho kompyuta zilizochoka kwenye ofisi za Ulaya. Kila kitu kilipofika mezani kwangu nilikiuliza maswali yaleyale: kinakula volti ngapi, kinavuta ampea ngapi, na kinapeleka wapi joto lake.

Kompyuta iliyoibeba kadi ile kwanza ilikuwa kubwa, ya kusimama, yenye pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, nzito kama jiwe la kusagia. Niliitumia pamoja na kameramani mmoja aliyezunguka Rungwe nzima akipiga harusi, ubarikio na misiba. Yeye alileta mikanda, mimi niliiingiza kwenye diski, tukakata na kupanga. Mteja hakutaka hotuba. Alitaka keki, zawadi, akina mama wakicheza, na maua yanayoruka kioo kizima wimbo ukipigwa juu yake. Hotuba za wazee tulizikata zote kwenye mkanda wa mteja, zikabaki kwenye diski tu. Mkanda wenyewe, picha zikishaingia kwenye diski, ulirudi kwenye mfuko wa kameramani na kurekodiwa tukio jingine juu yake. Ndivyo kila mtu wa kazi ile alivyofanya, Tukuyu na Mbeya.

Kisha ikaja radi ya masika. Ilipiga nguzo ya jirani, ikaingia kwa waya, ikaua pawasaplai na mazabodi, ile bodi kuu. Diski ilipona. Kadi ilipona. Nilizifunga kwa gazeti nikaziweka juu ya kabati, na harusi zikabaki humo.

Yule mama alikuja asubuhi ya ukungu, mabega ya kanga yake yakiwa yameloa. Alikuwa mjane, mtu wa Nkunga, wa umri wangu au karibu na hapo.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama. Karibu ndani, utalowa."

"Ndaga, asante. Wewe ndiye mwenye mashine ya harusi?"

"Ndiye. Lakini mashine imelala."

"Iamshe," alisema, akaketi kabla sijamwonyesha kiti. "Nina neno langu humo."

Alinieleza bila haraka, na mimi nikamsikiliza kama ninavyosikiliza mtu anayeeleza redio ilianzaje kukoroma. Mumewe alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yao, na alikufa zamani. Baba mkwe alimwacha alime mashamba mawili: la juu, kando ya barabara, dogo na lenye mawe, na la chini, kijitoni, lenye migomba na chai. Chai ya kijitoni ndiyo iliyowavalisha watoto wake sare. Siku ya harusi ya kitinda mimba wake, mzee alisimama mbele ya ukoo akasema shamba lipi ni la mjane huyu. Baadaye kidogo mzee naye akafariki. Sasa shemeji yake wa kati alikuwa akisema kwamba mzee alimpa mjane shamba la juu tu, na kwamba la kijitoni ni lake yeye.

"Waliosikia si wapo?" nikauliza.

"Mdogo wake mzee alisikia, lakini siku ile alikuwa amekunywa, mwenyewe anakiri. Wengine walikuwa wanagombea nyama. Kitinda mimba alikuwa bwana harusi, anasikia nini bwana harusi?"

"Na wewe?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mgeni. "Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Baba mkwe anasimama kusema, mimi nakaa mbele nifanye nini?"

Nilijua. Mwiko wa mkwe wengi walikuwa wameshauacha, hasa wa mjini, lakini nyumba yao iliushika. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimsikia njiani, anaingia migombani mpaka apite. Na baba mkwe naye hamtaji kwa jina. Mama huyu alikuwa ameishi kwenye boma moja na yule mzee tangu usichana wake, akampikia kila siku, wala hakuujua uso wake.

"Kikao cha ukoo kinakaa wiki ijayo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji," akasema. "Wamesema kama neno lipo kwenye video, watalitazama. Shemeji amecheka. Anasema video yote ni keki."

Nikamtuma mtu amwite kameramani. Alikuja akitafuna muwa, koti la jinzi limefungwa mpaka shingoni.

"Mkanda wa ile harusi ya Nkunga uko wapi?" nikamuuliza.

"Harusi gani? Nkunga nimeoza nusu ya kijiji."

Mama akamtajia. Kameramani akaacha kutafuna.

"Ah. Ule." Akajikuna kichwa. "Mama, samahani sana. Ule mkanda nilikuja kurekodia msiba. Walinifuata ghafla, nikashika uliokuwa karibu."

"Msiba wa nani?"

"Wa mzee mwenyewe."

Mama akasema polepole, "Kwa hiyo amezikwa juu ya maneno yake."

Nikashusha lile furushi la gazeti kutoka juu ya kabati.

Nilidhani kazi itakuwa ya kutafuta kompyuta ya kuchomeka kadi. Nilipeleka kadi na diski Mbeya. Studio moja ilikuwa na mashine mpya, lakini nafasi zake za kadi zilikuwa za aina nyingine. Kadi yangu haikuingia, kama mguu kwenye kiatu cha mtoto. Studio nyingine ilikuwa na mashine inayofaa, lakini mwenyewe alikuwa katikati ya harusi za watu na hakutaka mkono wa mgeni ndani yake. Sikumlaumu. Mimi pia nisingekubali.

Iliyopatikana ilikuwa ndogo. Jirani yangu, Mwislamu mwenye duka la redio na vitambaa, alikuwa ameleta kutoka Dar es Salaam kompyuta nyembamba za mezani, zile zilizotengenezwa zikae chini ya kioo kwenye meza ya karani.

"Chukua moja ujaribu," aliniambia. "Ikifanya kazi ni yako, isipofanya ni yangu. Lakini fundi, hiyo kadi yako na hiyo kompyuta ni sawa na tembo kupanda baiskeli."

"Tembo akikaa vizuri?"

"Baiskeli ndiyo itakayokujibu."

Nafasi ya kadi ilikuwepo, ya aina ileile. Kifuniko hakikuweza kurudi, kwa sababu kadi ilisimama juu ya keisi kama mtu aliyetoa kichwa juu ya paa la gari. Hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni pawasaplai. Ilikuwa ndogo kama tofali la nusu. Kibandiko chake kilitaja wati zinazoonekana kutosha, lakini wati za kibandikoni ni jumla. Ndani zimegawanywa, hizi za volti tano, hizi za volti kumi na mbili, na kadi yangu ilitaka zaidi zile za kumi na mbili. Kampuni iliyotengeneza kompyuta ile ilipima mahitaji ya karani: barua, hesabu, saa ya kwenda nyumbani. Haikupima maua yanayoruka juu ya keki.

Niliwasha. Kioo kilikuja. Feni ya kadi ilizunguka. Mama alikuwa amerudi siku ile na ndizi za kuchoma, akaketi mlangoni.

"Imeamka," alisema.

"Imefumbua macho. Bado haijasimama."

Nilifungua faili la harusi ile. Picha ilikuja kwa muda wa kupepesa, turubai na watu wenye miavuli, kisha kompyuta ikazima yote kwa mara moja, bila kelele. Nikawasha tena. Ikazima palepale. Nilielewa: kadi ikiwa imetulia haivuti sana, lakini ikianza kufungua picha zinazotembea, inavuta kwa nguvu, na ile pawasaplai ndogo, kwa kujilinda, inajifunga. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Siwezi kusema iliharibika. Ilikataa tu.

Nilijaribu yote niliyoyajua. Niliondoa diski ya pili, nikaondoa kisoma sidii, nikapunguza kila kinachokula. Iliendelea kidogo zaidi, ikazima. Niliazima stebilaiza, kwa sababu umeme wetu ulishuka kila watu walipoanza kuwasha taa na majiko, lakini stebilaiza ilinyoosha umeme unaoingia tu. Haikuongeza kitu kwa kile kinachotoka. Nilitafuta pawasaplai kubwa Tukuyu nzima. Zilizokuwepo zilikuwa zimekufa kwa radi ileile iliyoua yangu, na zile za Mbeya zilikuwa na plagi tofauti. Ya kufaa ingeagizwa Dar es Salaam, nayo ingefika baada ya kikao.

Kwa mtu aliyejifundisha mwenyewe, hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Ujinga una tiba. Unatafuta kitabu, unamuuliza mtu. Lakini kujua kabisa kinachokosekana, kukijua mpaka kwa ampea, na kukaa nacho mikono mitupu, hakuna kitabu cha hilo. Mama alikuwa akija kila siku, anakaa mlangoni, haniharakishi. Ingekuwa nafuu kama angeniharakisha.

Njia iliyobaki niliijua tangu mwanzo na nilikuwa nikiikwepa. Kadi ilipata chakula chake cha ziada kwa plagi ya pini nne. Ningeweza kukata waya wa volti kumi na mbili wa plagi ile na kuulisha kutoka mahali pengine, huku zile tano zikiendelea kutoka kwenye pawasaplai ndogo. Na volti kumi na mbili, kwetu, kila kijiji kisicho na umeme kinazo. Ni betri ya gari. Watu walitazama mpira kwa betri, wakasikiliza habari kwa betri.

"Nahitaji betri yenye nguvu," nilimwambia. "Za kukodi hapa mjini zote zimeshachukuliwa."

"Betri ipo nyumbani. Ya baba. Alikuwa akitazamia televisheni."

"Inachajiwa?"

"Imechajiwa juzi. Shemeji aliipeleka, alitaka kuitumia yeye, nikamkatalia. Nikamwambia vyote si unachukua? Hata betri?" Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nimjue. "Itamfaa baba kusema kwa betri yake mwenyewe."

Ilikuja siku ya mwisho kabla ya kikao, imefungwa nyuma ya baiskeli ya kukodi kwa mpira wa tairi. Niliipima. Mshale wa mita ulisimama mahali pazuri. Nikafungua vifuniko vya juu. Maji yalijaa kila chumba.

"Mliongeza maji gani?"

"Ya mvua. Baba mwenyewe aliyakinga. Alisema maji ya betri ya dukani ni wizi, Mungu anatumwagia bure."

Tukuyu tuna imani na mvua yetu. Inanyesha mpaka mtu anasahau rangi ya mbingu, na ni kweli ni safi inapotoka huko juu. Lakini inapita juu ya bati lenye kutu kabla ya kufika kwenye ndoo, na betri haisahau kutu. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba betri ya namna hiyo hukudanganya ikiwa imepumzika: inaonyesha volti zake zote, kama mgonjwa anayejikaza mbele ya mganga. Ukweli wake unauona inapobeba mzigo. Ndiyo sababu niliamua kuifunga mita kwenye waya wakati wote na kutoondoa macho kwenye mshale. Ukianza kushuka, ningezima mwenyewe kabla ya kitu kuharibika.

Mpango ulikuwa huu. Kameramani angeleta deki mchana, turekodi hotuba kutoka kwenye kadi kwenda kwenye mkanda wa kawaida, na mama aende kikaoni na mkanda wake. Lakini faili lilikuwa harusi nzima, na sikujua hotuba iko sehemu gani. Sikutaka deki ifike tuanze kutafuta huku betri ikiliwa. Nikaona ni busara kutafuta pale mahali kwanza. Mpaka leo, nikiupitia uamuzi ule hatua kwa hatua, sioni kosa ndani yake.

"Mama, nitawasha. Ukisikia sauti ya mzee, niambie kama ndiye."

"Sauti naijua." Akainuka, akageuza kigoda chake kikaelekea ukutani, akaketi akiwa amekipa kioo mgongo. Akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso.

"Ni picha tu, mama."

"Fundi, picha ni yake au si yake?"

"Ni yake."

"Basi."

Nikawasha. Mshale haukutikisika. Nilifungua faili, nikasogeza mbele: turubai, keki, magunia ya mchele ya zawadi, akina mama wakicheza kwenye tope. Mshale ulicheza kidogo ukatulia. Nikasogeza tena. Kelele za watu zikapungua, ikasikika mikohozi, kisha sauti ya mzee, nyembamba na yenye subira.

"Ndiye," mama alisema kwa ukuta.

Nikainamia mita. Mshale ulianza kuteremka, polepole, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hilo nalo lina hesabu yake: volti zikishuka, kadi huvuta ampea zaidi ili itimize wati zake, na kadiri inavyovuta, ndivyo betri inavyozidi kuanguka. Nilikuwa na mkono kwenye swichi. Mzee alikuwa akiwashukuru wageni. Alisema Kinyakyusa, mimi naandika kwa Kiswahili. Aliwashukuru waliotoka Matwebe. Aliwashukuru waliotoka mbali zaidi. Nilijua napaswa kuzima. Nilijua pia kwamba nikizima, betri ile haitatupa nafasi ya pili.

"Na huyu mke wa mwanangu aliyetangulia," sauti ikasema, "yule aliye huko nyuma kwenye masufuria, asiondolewe na mtu. Amenipikia. Shamba lake ni lile..."

Sauti ikakatika.

Macho yangu yalikuwa kwenye mita. Mshale ulikuwa umeanguka kabisa. Nilikuwa nimeinama chini ya meza, nikihangaika kuchomoa waya wa betri, na nyuma yangu nilisikia kigoda kikikwaruza sakafu. Mama aliposikia kimya alidhani picha nayo imezimika, kama redio inavyonyamaza yote. Akageuka.

Picha haikuwa imezimika. Kompyuta ilikuwa imeganda, na picha ya mwisho ilibaki kwenye kioo.

Alitoa sauti fupi, kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga yote, na kioo kilikuwa cheusi. Harufu ilianza kutoka kwenye kadi. Feni yake ilikuwa imesimama. Pembeni mwa feni kijipande kimoja kilikuwa kimepasuka na kuacha alama ya moshi.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Nilijaribu kuwasha bila betri, kisha nikajaribu kwa stebilaiza, kisha nikajaribu tu. Kadi haikutoa hata mwanga. Kameramani aliingia na deki kwapani, amevaa koti lake, akitoa mvuke mdomoni.

"Deki hii hapa, nimeibembeleza kwa mtu. Haya, mzee yuko wapi?" Akatutazama. "Mbona mmekaa kama msibani?"

"Weka chini," nikamwambia. "Weka tu chini."

Kesho yake nilikwenda kikaoni. Mama hakuniomba, nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimesikia, na mtu aliyesikia anapaswa kusema. Niliibeba betri kwenye baiskeli ili niirudishe. Walikaa uwanjani kwa mzee, kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa, ukungu ukipanda kutoka kijitoni. Kutoka pale mashamba yote mawili yalionekana: la juu upande wa barabara, la chini kule migomba ilikoshikana. Mama alikaa mkekani pamoja na wanawake.

Shemeji alikuwa mtu mchangamfu. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Fundi, karibu. Na video iko wapi?"

"Mashine imeungua."

"Imeungua!" Akawageukia watu. "Nilisema mimi. Keki imeungua."

Watu walicheka, hata wale waliomhurumia mama. Mwenyekiti wa kijiji akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Fundi, wewe si mtu wa ukoo huu, na hatujasikia ukisema uongo. Ulisikia nini?"

Nikasimama. Nikawaambia maneno yote kama nilivyoyaandika hapa, na kwa Kinyakyusa chake. Nilipofika kwenye "amenipikia", wanawake mkekani waliguna, na mdogo wa mzee akaanza kulia wazi. Nikafika kwenye "shamba lake ni lile", nikanyamaza.

"Endelea," mwenyekiti akasema.

"Iliishia hapo."

"Lile lipi?"

"Hakulitaja."

"Mtu akisema lile, anaonyesha. Alionyesha wapi?"

"Sikuona. Nilikuwa natazama mita."

Kikatoka kicheko kingine, cha chini zaidi. Mwenyekiti alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa akinipa nafasi. Uwanja mzima ulikuwa ukinipa nafasi. Ningeinua mkono kidogo tu kuelekea kijitoni, na nusu yao wangeshukuru. Lakini mimi sikuwa nimeona. Nilikuwa naujua mshale ulipoanguka na ulipofikia, na hicho ndicho nilichokuwa nacho.

"Mnaona?" shemeji akasema kwa upole, na upole wake ndio uliomaliza kikao. "Hata mimi sibishi. Baba alisema asiondolewe, nani anamwondoa? Shamba lake ni lile." Akaonyesha juu, barabarani. "Lile pale. Alime mpaka achoke."

Mwenyekiti akawageukia wanawake. "Na wewe mama, una neno?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Sina," akasema.

Wakaamua. Nyumba na shamba la juu ni vyake. La kijitoni likaenda kwa shemeji, na chai iliyokuwa tayari kuchumwa wakamruhusu aichume mara moja ya mwisho.

Nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani kwake, betri nyuma. Alitembea mbele yangu kwenye njia nyembamba mpaka tulipofika mahali njia inapogawanyika kuelekea kijitoni. Hapo akasimama.

"Mkono wake ulikuwa umeelekea chini," alisema.

Sikuelewa upesi.

"Kwenye kioo. Mkono wake ulikuwa umenyooka, kidole kimeelekea huku chini, na nyuma yake niliuona mti wa mparachichi wa pale uwanjani. Alikuwa anaonyesha migomba."

"Uliona?"

"Niliona."

"Mama, kwa nini hukusema? Mwenyekiti amekuuliza mbele ya watu wote."

"Ningesema nimeuona mkono, wangeniuliza umeunganishwa na nini." Alijifuta mvua usoni kwa ncha ya kanga. "Ningesimama mbele ya kaka zake na watoto wake niseme nimemtazama baba? Alinilindia heshima mpaka kaburini. Na mimi niivunje kwa sababu ya chai?"

Nilitaka kumwambia kwamba hakukusudia, kwamba ilikuwa hitilafu ya mashine, kwamba kompyuta ikiganda hubaki na picha ya mwisho. Ningeweza kumweleza jambo lile lote kwa usahihi, tangu kutu ya bati mpaka kile kijipande kilichopasuka. Hakuna sehemu ya maelezo yale ambayo ingemsaidia.

Nyumbani kwake nilishusha betri nikaiweka kwenye kona yake ya zamani, palipokuwa na alama ya tindikali sakafuni. Redio ya mzee ilikuwa bado juu ya meza, waya zake zikining'inia.

"Hiyo betri bado inafaa kitu?" akauliza.

"Kwa redio itatosha. Redio haivuti sana."

"Basi ifunge kwenye redio."

Nikaifunga. Ikaanza kusema, habari za bei ya mazao, sauti safi kabisa. Alichukua kikapu chake cha kuchumia chai, akakigonga ukutani kutoa vumbi, akatoka kwenda kijitoni kabla mvua haijaongezeka.